Mama Prudencia Kahigwa, Uliyezifikisha Barua Wakati wa Mvua

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya tarehe 14 Septemba 1998 uliposema unajilaza kidogo, kichwa kinauma, tukuamshe saa nne mteja wa meli akipiga simu. Mteja alipiga saa nne kamili. Wewe hukuamka.

Tumelia mwaka mzima. Leo hatutaki kulia. Leo tunataka kukusimulia mambo yako mwenyewe, na wanaosoma gazeti hili wasikie, maana wengi walikuja kwenye msiba wakijua tu kwamba amekufa "Mama Imeli wa Mtaa wa Rufiji", lakini hawajui ulipigana na nini, wala hawajui kwamba ulishinda.

Ninayeshika kalamu ni Hellen, mke wa mwanao Florian, mama wa mjukuu wako Odeta. Familia imenipa kazi hii kwa sababu mimi ndiye niliyekaa nawe mezani. Florian amekataa. Anasema yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, akianza kuandika ataandika insha yenye utangulizi, kiini na hitimisho, na wewe ulikuwa hupendi maneno mengi.

Miaka ishirini na mbili ulikaa kwenye mashine ya teleksi, ukituma ujumbe wa watu kwa waya. Mwaka 1994 walipopunguza wafanyakazi ulirudi nyumbani Nyakato na bahasha ya kiinua mgongo mkononi, ukaiweka chini ya Biblia, ukalala mchana kutwa. Kesho yake majirani wakaja na ushauri. Mmoja akasema ufuge kuku. Mwingine akasema ufungue genge, nyanya zinatoka. Uliwasikiliza wote, ukawapa chai, halafu ukawaambia, "Kuku sijui lugha yao. Mimi ninajua kupeleka maneno."

Wakaondoka wakisema msomi amechanganyikiwa.

Ukaanza kufundisha wasichana kupiga chapa, mpaka mwaka 1996 uliposikia kwamba Dar es Salaam kuna watu wanapeleka barua kwa kompyuta, wanaziita imeli. Ulipanda treni. Ulikaa kule wiki tano, ukajifunza kwa fundi mmoja anaitwa Chenge, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanao wa mwisho, na ukamwita mwalimu bila aibu. Ulirudi na kompyuta iliyotumika, umeifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Pale stesheni mpagazi akataka kuitupia begani. Ulimpigia kelele hadi askari akaja.

Kwa wasiojua, ngoja tueleze kazi ilivyokuwa, kwa namna ulivyotueleza wewe. Kampuni za Mwanza hazikuwa na laini ya kukaa wazi kutwa. Simu inapigwa, inashika, inakatika. Basi barua za wateja wetu zote zilikuwa zinatua kwanza kwenye mashine ya Dar. Mashine yetu ya ofisini mjini, Mtaa wa Rufiji, inapiga simu Dar, inazichukua, halafu inapigia kampuni moja moja kuwapelekea za kwao. Kila kampuni ina gunia lake, ulisema. Sisi tunapeleka gunia zima. Kompyuta ya kampuni yenyewe ndiyo inafungua na kugawa, hii ya meneja, hii ya mhasibu, hii ya stoo. Zile wanazoandika wao kwenda nje zinarudi na simu hiyohiyo.

Ukawapangia saa zao ukutani kama dozi. Kiwanda cha minofu ya samaki saa mbili, saa sita na saa kumi. Wakala wa meli saa tatu. Duka la vipuri saa tatu na nusu. Na gunia likishafika, hukukubali liishie hapo. Unanyanyua simu: "Zimefika ngapi?"

"Kumi na mbili, Mama."

"Nimetuma kumi na tatu. Itafute."

"Mama, labda umekosea."

"Nitangoja."

Na kweli unangoja, simu begani, unatafuna kahawa zako za Kamachumu zilizofungwa kwenye ganda la mgomba. Ya kumi na tatu ilikuwa inapatikana. Uliyatoa kwenye teleksi hayo. Kule, ulisema, upande wa pili usipojibu umepata, wewe hujapeleka kitu.

Mama, mimi nilikuja kwenu nimeishia kidato cha pili, na tumbo la miezi sita. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, maana mimi Msukuma wa Usagara, baba yangu anachunga ng'ombe, na ninyi Wahaya tulishasikia mnavyochagua wake wa watoto wenu. Niliingia nikapiga magoti, nikasema shikamoo. Ukajibu marahaba, ukaniangalia kwa juu ya miwani, ukaniuliza maswali mawili tu.

"Unakula senene?"

Nikasema hapana, panzi sijawahi kula.

"Kiingereza unakijua?"

Nikasema kidogo.

"Basi senene tutakusamehe," ukasema. "Kiingereza hapana."

Odeta alipofikisha miezi minne ukaniandikisha masomo ya jioni mjini, Kiingereza na kupiga chapa, na hesabu baadaye. Jioni tatu kwa wiki nikitoka, wewe unamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge chako cha bluu na kuendelea kupeleka magunia. Mteja mmoja alikuja akakuta unaimba Kihaya huku ukigonga vitufe, akauliza unaiimbia kompyuta au mtoto. Ukasema, "Yeyote atakayelala kwanza."

Sikuwahi kukwambia vizuri asante. Nilikuwa nafikiri muda upo.

Yupo mtu mwingine anayetaka akumbukwe hapa, naye ni Mzee Maige wa kiwanda cha minofu, aliyekuwa mpokea simu pale tangu kiwanda kifunguliwe. Yeye ameruhusu habari yake iandikwe, tena amesema isipunguzwe.

Mwezi wa kwanza wa kazi kiwanda kile kilitutesa. Kila saa mbili asubuhi simu inashika, modemu, vile visanduku vinavyounganisha kompyuta na simu, zinapigiana kelele zao, sekunde chache, kimya. Unapiga tena, inashika, kimya. Fundi alibadilisha waya mara mbili. Bwana Mhoja, meneja, akaanza kusema barua za kompyuta ni utapeli wa mjini. Ndipo ukaniambia nimbebe Odeta, tukaenda kiwandani Nyakato tujionee wenyewe.

Tulimkuta Mzee Maige amekaa wima, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Saa mbili ikagonga. Simu ikalia, modemu ikapokea, ikaanza kuimba. Mzee Maige akanyanyua mkono wa simu taratibu, akauweka sikioni, akasema, "Haloo, habari za asubuhi." Akasikiliza kelele. Akaurudisha taratibu vilevile. Kimya.

"Mzee, shikamoo," ukasema.

"Marahaba, mama."

"Samahani, ulikuwa unafanya nini?"

"Nasikiliza kama barua zinaingia. Sigusi kitu, nasikiliza tu. Na siwezi kunyanyua simu bila kusalimia, mama, mimi nimefundishwa kazi."

Nilitoka nje na mtoto kwa sababu kicheko kilikuwa kimenijaa mpaka puani. Wewe hukucheka. Ulikaa naye kwenye benchi. Ulimwambia kwamba kwa miaka ishirini na mbili na wewe ulikuwa huwezi kuacha mashine ilie bila kuishika. Halafu ukamwambia kwamba barua hizi zinakatika zikiguswa hata na pumzi, na kiwanda kizima hakuna mtu wa kuaminika wa kuzilinda. Je, yeye anaweza? Akae na saa yake, aandike kwenye daftari dakika zilipoanza na dakika zilipokwisha, na asiruhusu mkono wowote kwenye simu ile.

Mama, ulimpa rungu. Wiki iliyofuata Bwana Mhoja mwenyewe alikuja mbio kutaka kupiga simu bandarini saa sita na dakika mbili. Mzee Maige akasimama mbele ya meza. "Meneja, barua zinaingia."

"Mzee, mimi ndiye ninayekulipa mshahara!"

"Na mimi ndiye ninayelinda. Dakika tano, meneja. Kaa pale."

Akakaa. Tangu hapo Bwana Mhoja akawa anasimulia mjini kote, na kwa masimulizi hayo tukafika wateja kumi na mmoja.

Sasa niseme habari ya mvua.

Ilikuwa Desemba ya mwaka juzi, mvua za El Nino. Mwanza yote inakumbuka. Maji yalishuka kutoka kwenye mawe kama mtu amefungua koki, nyumba za udongo zikalala, pale kwetu Usagara barabara ikawa mto. Laini ya kwenda Dar ikaanza kushika dakika nne na kukatika. Inashika tena, dakika nne, inakatika. Kuanzia Jumanne saa kumi alasiri hakuna barua hata moja iliyoingia Mwanza kupitia kwetu.

Na mashine ya Dar ilikuwa na amri yake. Barua isiyochukuliwa ndani ya siku tatu inarudishwa kwa aliyeiandika, na karatasi ya Kiingereza inayomwambia kwamba mwenyewe hapatikani. Siku tatu za zile za kwanza zilikuwa zinakwisha Ijumaa saa kumi alasiri.

Ijumaa saa mbili asubuhi Bwana Mhoja aliingia ofisini na mabuti ya mpira, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kidevu.

"Mama Kahigwa, shikamoo. Unajua ninakuheshimu kama mama yangu mzazi, lakini..."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, halafu malizia hiyo lakini."

Hakukaa. Alisema mnunuzi wake wa Ulaya ameandika Jumanne, barua yenye orodha ya oda na uzito wa kila katoni. Simu ya mnunuzi ilikatika kabla hajataja hata namba moja. Faksi ilikuwa inatoa robo ukurasa na kunyamaza. Ndege ya mizigo inaondoka Jumamosi. Bila orodha ile hawezi kukata samaki, na watu mia mbili walikuwa wamesimama Nyakato na makoti meupe, hawana la kufanya. "Na saa kumi mnunuzi akirudishiwa barua yake na kuambiwa hatupatikani, atajua tumefunga kiwanda. Atanunua kwingine. Mama, watu wa dishi wamekuja kuniona. Wao barua zao zinapita kwa setilaiti, hawahitaji waya. Jumatatu ninasaini nao, na wenzangu kumi nitawaambia wasaini."

Ulimsikiliza mpaka mwisho. Ukamwambia, "Jumatatu bado. Leo Ijumaa." Ukampa kahawa za kutafuna. Akazikataa, halafu akazichukua.

Mimi nilijua Bwana Mhoja akiondoka, wote wanaondoka. Mashine ile ilikuwa na kiinua mgongo chako chote ndani yake, na masomo yangu, na ile miaka yako ishirini na mbili ambayo watu walishasema haina faida tena.

Tukaanza kupiga. Inashika, namba zinapanda kwenye kioo, asilimia kumi, ishirini, thelathini na moja, kimya. Inaanza sifuri. Ishirini na nane, kimya. Sifuri. Mara saba. Bwana Mhoja alikuwa anazunguka chumba hadi nikasikia kizunguzungu.

Ile mara ya nane nilisogeza kichwa karibu na kioo na kusoma maandishi yote, si namba tu. Kiingereza cha jioni, Mama. Nikaona kila ikianza upya inaanza na barua ileile, barua moja kubwa sana, ya kiwanda cha pamba cha ng'ambo ya Kigongo. Mtu amewatumia picha za mashine za kuchambulia pamba, kitabu kizima. Haiwezi kumalizika kwa dakika nne, na laini ikikatika inarudi mwanzo. Nyuma yake zilikuwa zimepanga foleni barua arobaini na saba, ndogo ndogo, za watu wote waliobaki.

Nikakwambia. Uliinama ukasoma na wewe, ukavua miwani, ukacheka kwa sauti, siku ile, kwenye shida ile.

"Kumbe kuna mtu na pipa bombani!"

Bwana Mhoja alidhani umechanganyikiwa. Mimi nilielewa palepale, kwa sababu asubuhi ya siku ileile nilikuwa nimepanga foleni kwenye bomba la mtaani kwetu. Pale Nyakato mwenye mkokoteni wa mapipa, hata akiamka na jogoo, anakaa pembeni mpaka akina mama wenye ndoo waishe. Akianza yeye, maji yakikatika, mtaa mzima unakosa. Hakuna aliyeandika sheria ile na hakuna anayeibishia.

Ukampigia Chenge, ambaye ndiye aliyekuwa anaangalia mashine ile ya Dar, sauti kwa sauti. Ulijua simu itakatika wakati wowote, kwa hiyo ulizungumza kama unagonga teleksi.

"Chenge. Mama Kahigwa, Mwanza. Kuna barua kubwa mbele ya foleni yangu. Itoe, weka pembeni. Ndogo zianze. Rudia nilichosema."

"Mama, shikamoo! Poleni na mvua, tumesikia..."

"Marahaba. Mvua baadaye. Rudia."

"Mama, huku utaratibu ni aliyetangulia ndiye..."

"Utaratibu baadaye. Siku tatu zinakwisha saa kumi. Unaweza kuziongeza?"

"Hizo siku si zangu, Mama, ni za wenye mashine. Foleni ndiyo yangu."

"Basi nipe iliyo yako. Kubwa pembeni, ndogo kwanza. Rudia."

"Kubwa pembeni. Ndogo kwanza. Nazipanga kwa ukubwa, ndogo mpaka..."

Ikakatika.

Bwana Mhoja akaruka. "Mama! Mpigie tena, mwambie yangu iwe ya kwanza kabisa! Mimi ndiye mteja wako mkubwa!"

Mama, jibu lako nimelihifadhi. Ulimwangalia kwa upole kabisa, ukasema, "Bwana Mhoja, wapo kumi wengine, na wao wana watu wanaongoja. Hapa na wewe una ndoo tu."

Akakaa chini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikaa tangu aingie.

Halafu laini ikafa kabisa. Saa tano na nusu, saa sita, saa saba, hakuna hata mlio. Mvua inapiga bati. Uliagiza chai na maandazi, ukamlazimisha Bwana Mhoja ale. Ulipiga namba ya Dar kila baada ya dakika mbili, na kidole chako cha shahada kikawa chekundu. Nilikwambia nikupokee. Ukasema, "Nyonyesha mtoto. Kidole kimoja kinanitosha." Saa nane ulianza kusali rozari kwa mkono wa kushoto, wa kulia unapiga simu. Bwana Mhoja, ambaye alikuwa hajaingia kanisani tangu ubatizo, nilimsikia anaitikia.

Saa tisa na dakika kumi ikalia. Ikashika.

Moja ikaingia. Mbili. Tano. Zilikuwa zinaingia kama maji ndani ya ndoo, ndogo, inajaa, inayofuata. Kumi na nne, ikakatika. Lakini safari hii hazikurudi sifuri, Mama! Zilizoingia zilikuwa zimeingia. Ulipiga tena, kumi na moja zaidi. Tatu zaidi, ikakatika. Ishirini na nane. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro robo. Barua ya Bwana Mhoja, kwa sababu ya orodha yake ndefu, ilikuwa miongoni mwa za mwisho, na yeye alikuwa amesimama nyuma ya kiti chako ameshika kofia kwa mikono miwili kama yuko mazishini.

Saa kumi kasoro kumi ikashika. Thelathini. Thelathini na sita. Arobaini. Odeta akaanza kulia, nikamziba kwa ziwa. Arobaini na nne. Arobaini na tano.

"Hiyo," ukasema.

Arobaini na sita. Arobaini na saba. Halafu ikakatika, na haikuwa na la kutudhuru tena.

Bwana Mhoja aliisoma orodha ile kwa sauti kama anasoma Injili, kilo na katoni. Akakushika mikono yote miwili. Akamshika hata Odeta. Alipotulia alisema, "Mhaya wewe! Hata barua umezipeleka shule!" Ukamjibu, "Aliyezisoma ni Msukuma mwenzako. Mshukuru yeye." Mama, nimeshapewa cheti tangu siku ile, lakini cheti changu cha kwanza nilipewa na wewe saa kumi kasoro dakika sita.

Jioni ile watu mia mbili walikata samaki Nyakato. Ndege ya Jumamosi ilipaa imejaa. Sisi tulikuwa tunapeleka magunia ya wengine, na kila mmoja ukamuuliza zimefika ngapi.

Lile pipa nalo hukulisahau. Chenge aliziweka picha za pamba kwenye disketi, zikaja kwa ndege ya abiria wiki iliyofuata. Laini ya ng'ambo ilikuwa imeanguka, basi ukaifunga disketi kwenye mfuko wa nailoni, ukaenda Kigongo, ukavuka na pantoni mpaka Busisi, na lori la pamba likakufikisha. Meneja wa kule alisema hajawahi kuona barua ya kompyuta yenye matope miguuni. Ukamwambia atie sahihi kwamba ameipata.

Watu wa dishi walikuja Jumatatu kama walivyoahidi. Bwana Mhoja aliwapa soda. Aliwauliza kama mashine yao inajua ndoo na pipa. Akawaambia wamalize soda kwa nafasi yao, yeye ameshapata mtu. Kufikia Pasaka ulikuwa na wateja ishirini na sita, na ukutani saa zikawa hazitoshi.

Uliishi miezi tisa baada ya ushindi ule. Kichwa kilichokuwa kinakuuma tulidhani ni presha ya kawaida, ya dawa na kupunguza chumvi. Ulisafirishwa kwa meli ukazikwa Kamachumu kwenye migomba ya baba yako, na kumbe Bwana Mhoja na Mzee Maige walikuwa kwenye meli ileile bila kutuambia.

Sasa upokee habari zetu. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalitoka mwezi wa pili. Mtahiniwa wa kujitegemea Hellen Masele amefaulu, Kiingereza amepata B. Nimeanza kidato cha tano, jioni vilevile. Florian ndiye anambeba Odeta siku hizo, na majirani wamechoka kucheka. Odeta ana miaka mitatu. Anakula senene kuliko Mhaya yeyote, mimi bado. Wateja ni thelathini na nne, na tumeongeza laini ya pili. Tumepita mvua za masika bila barua hata moja kurudishwa.

Na kubwa kuliko yote. Mwezi uliopita Chenge alipiga simu kutoka Dar. Amekuwa mkubwa wa mafundi pale. Alisema wamebadilisha mpangilio wa foleni kwa mikoa yote yenye laini mbovu, Bukoba, Musoma, Shinyanga, Tabora, Kigoma. Ndogo zinatangulia, kubwa inasubiri pembeni. Wageni wakimuuliza utaratibu huu umetoka nchi gani, anawaambia umetoka Nyakato, kwenye bomba, kwa Mama Kahigwa. Nilimwambia arudie alichosema. Akarudia neno kwa neno, kama ulivyomfundisha.

Asubuhi hii, Mama, kabla ya kuandika haya, barua za kampuni thelathini na nne zimeingia Mwanza, na kampuni thelathini na nne zimejibu kwamba zimepata.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii saa tatu asubuhi kanisani kwetu Nyakato, na baadaye wote mnakaribishwa nyumbani kwa chai na kahawa za kutafuna.

Wanaokukumbuka ni mwanao Florian. Binti yako Jovitha na mumewe, walioko Kamachumu. Mimi mkweo na mwanafunzi wako, Hellen. Mjukuu wako Odeta, anayekuita kila simu ikilia. Wanafunzi wako wote wa kupiga chapa. Mwalimu wako aliye kama mwanao, Chenge, Dar es Salaam. Mzee Maige na Bwana Mhoja, pamoja na wateja wote wa Mtaa wa Rufiji.

Upumzike kwa amani, Mama. Sisi tupo mezani, na siku zote za maisha yetu hatutaacha kukukumbuka.